Kaseti ya Masika mu Bafle Nne

Wewe mwenye uko nasoma hii, nakuita rafiki mbele ya kuanza, ju kitu yenye nitakuambia haiambiwake mugeni. Vuta kiti. Kama uko na haraka, funga hii karatasi, urudie siku ingine, maana sipendi mutu anisikilize nusu. Mambo ya kuzaliwa kwangu, baba nani, mama nani, naiacha. Batoto yangu banaijua na Mungu anaijua. Nitakuambia paka tu mwaka moja, ile nilikuwa na miaka makumi mbili na nilikuwa nafanya kazi mu atelier, karakana ya redio za gari, kule Mususa. Ile mwaka niliizika muzuri, na ingebaki paka kule chini, lakini mwezi yenye ilipita nilikuwa mu kiwanja yangu hapa Kimemi, mutaa ya Butembo, nachagua maharagi ku lungo, na kukapita ile gari yenye inatangazaka bifo, bafle mbili, zile spika kubwa, juu ya paa. Ikasema familia iko na huzuni kubwa ya kujulisha ndugu na marafiki ya Butembo na Beni kama Masika, mulimaji ya Mutwanga, alifariki, maziko ni kesho. Ikazunguka kona na ikaanza tena tangu mwanzo. Niliweka lungo chini. Bakuku bakakuja kukula maharagi, sikubafukuza. Ilikuwa mara ya pili jina ya Masika ipite mu bafle mu hii muji. Mara ya kwanza, ni mimi niliipitisha.

Atelier ilikuwa ya fundi mukubwa, Maître Kasereka. Mutu mufupi, mwenye kucheka, mwenye sikio moja tu njo ilikuwa inasikia, ingine ilikufa zamani, na alikuwa anasemaka kama Mungu alimupunguzia kazi: "Bibi yangu analala upande ya ile yenye ilikufa. Ndoa yetu iko na amani." Alinichukua ju ya kushona. Maana mutu akileta gari bamubadilishie redio, kuko chuma, kuko waya, lakini kuko pia kitambaa yenye inafunika bafle, na skai, ile ngozi ya bandia yenye inafunika ubao, na banaume hapana kujua kukunja kona. Nikashona miezi mbili, kisha akaona vidole yangu haitetemeke, akanifundisha na ingine. Nikuelezee kidogo, ju bila hii hautanisikia. Ku mulango ya gari, fabrique yenye ilitengeneza gari inawekaka haut-parleur, spika ndogo ya karatasi, kubwa kama sahani ya kikombe. Inatosha mutu mwenye anaendesha na labda yule wa pembeni. Banaume banaendesha line, ile njia ya Beni na Butembo, hapana kuipenda. Maître alikuwa anaitoa, anaishika mu mukono, anaonyesha client: "Angalia hii. Hii ni kinywa ya mugonjwa. Inaomba maji." Kisha anakata chuma ya mulango na nyundo na burin mpaka shimo inapanuka, anafunga duara ya triplex, ile mbao nyembamba, na ma-vis, misumari ya kuzungusha, anajaza mousse, ile sponji ya godoro ya zamani, nyuma ju mulango isitetemeke, na anaweka bafle kubwa. Mbili mbele, mbili nyuma, ampli ya kuongeza sauti chini ya kiti. Mimi nilikuwa napima waya. Unagusisha waya mbili ku pile, betri ndogo ya kawaida: kama karatasi ya haut-parleur inaruka inje, waya nyekundu iko pahali yake. Kama inajificha ndani, umegeuza. Ukiacha moja inasukuma na ingine inavuta, sauti zinauana zenyewe, unasikia tu kama mutu anasemea mu mutungi. Kazi yangu sikuikoseaka hata siku moja. Nakuambia hii ju usifikiri kama ni machine ilikosea.

Kulikuwa desturi mbili pale. Ya kwanza: haut-parleur za fabrique zenye zinatoka, client haibebe, ni za mutu mwenye alishona. Nilikuwa nazo musululu chini ya kitanda, na moja nilikuwa niliifungia mu kasanduku ya mbao, tukaiunga ku redio yetu ndogo mu chumba. Ya pili ni hii: kazi haiishe mpaka barabara iikubali. Gari inasukumwa mpaka inje, milango nne inafunguliwa, na inajaribiwa na kaseti ya mwenye gari mwenyewe. Haikuwa ruhusa kujaribu na kaseti ya atelier. Maître alikuwa anasema mutu anajua kasoro ya wimbo yake, hapana ya wimbo ya mugeni. Basi batu ya Mususa balikuwa banajua. Bakisikia capot, kifuniko ya injini, inafunguliwa, bamama ya ndizi banaacha ndizi, bashoni banaacha machine, bote banakuja kuhukumu. "Hii inalia kama mbuzi." "Hii iko na mafua, Maître, uipe dawa." Na kama ilikuwa muzuri, banacheza pale mu vumbi. Nilipenda ile siku kuliko sikukuu, Mungu anisamehe.

Masika alikuwa na miaka mbili kunipita, nilikuwa namuita ya Masika, njo kusema dada mukubwa. Tulikodi chumba moja hapa Kimemi, ukuta ya mbao, kitanda moja, rideau, pazia, katikati ju mutu akitaka kuoga. Alikuwa anauza mbogamboga asubui, magaribi anaenda ku chorale. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ilikuwa inaingia. Tulikuwa tunakula mu sahani moja, bugali ya muhogo na lengalenga, siku ya mungu makayabo, samaki ya chumvi, na alikuwa ananisukumia kipande ya mukia akisema hakupenda miba. Jirani ya nyuma ya ukuta alikuwa anabishana na bwana yake kila siku juu ya chumvi. Masika alikuwa ananifinya: "Sikia, leo chumvi ni mingi." Siku ingine: "Leo chumvi haiko, na bwana pia haiko." Mara moja tu nilimuona kwa namna ingine. Mwaka yenye ilitangulia, alikuwa alienda kuchukua mihogo upande ya Beni, akachelewa siku tatu. Aliporudi alisema camion ilikufa njiani. Alifua manguo yake yote, hata ile yenye hakuvaa. Sikumuuliza. Nilikuwa na usingizi.

Kambale alikuwa chauffeur ya Muzee Saidi, mufanyabiashara mwislamu ya Beni, mwenye alikuwa na gari moja nyeupe, ile banaitaka break, ya mugongo murefu, ya kupandisha batu na mizigo. Kambale alikuwa mupole, mwenye kucheka na meno yote. Akamupenda Masika ju ya ile sauti, alimusikia ku misa akashindwa kukumbuka Baba Yetu. Familia zikasikilizana. Siku ikawekwa: siku ya posho, njo jumamosi, bajomba ya Kambale bataleta mbuzi za mahari kwa bajomba ya Masika. Mbuzi zilikuwa tayari zimefungwa ku kiwanja ya mujomba mukubwa ya Kambale, tulikuwa tunapita kuziangalia. "Ile yenye pembe moja ni ya uvivu yako," nilimuambia. "Hapana," alisema, "ile ni ya kuvumilia weye."

Sasa sikiliza. Siku ya mungu mbele ya ile posho, kisha misa, mvua ilianguka juu ya mabati, mvua ya nguvu. Nilikuwa nimelala nyuma ya rideau, yeye alifikiri niko na usingizi. Alikuwa aliazima redio-kaseti ya chorale. Nikasikia kidude inabonyezwa. Alikuwa na kaseti ya nyimbo ya chorale, na aliacha wimbo ya kwanza, ubeti moja, ju mutu mwingine akiishika afikiri ni nyimbo tu. Kisha akaanza kusema juu ya zingine. Masika hakujua kuandika, mimi pia ile wakati sikujua. Kwetu mutu mwenye hakujua kuandika alikuwa anatuma sauti yake. Hata mama alikuwa anatuma kaseti kwa mutoto yake Kampala. Akasema: "Kambale, ni mimi Masika." Akasema anataka ajue mbele ya mbuzi kutoka, hapana kisha. Sitaandika yote. Nitaandika tu kama ile camion haikukufa njiani. Ilisimamishwa ku barrière ya jeshi mu barabara, na basoda balibaki nayo siku tatu, na naye. Alisema gisi balimuita, na kitu balimupa kukula. Alisema: "Kama ukisikia hii na ukaacha, nitajua sababu, sitakuchukia. Kama ukisikia na ukakuja, usiniulize tena hata siku moja." Mara mingi alinyamaza, ungesikia anameza mate.

Wewe unafikiri nililia. Ningependa kukuambia hivyo. Nilishika matelas yenye nilikuwa nimelalia na nikakasirika. Mwaka muzima nililala pembeni yake, mugongo ku mugongo, mukia ya makayabo nilikula, na kitu kama ile aliiambia kaseti. Hakuniambia mimi. Ile njo ilinichoma, hapana ile yenye ilimupata. Nikasema mu roho: basi mimi ni nani hapa? Nilikuwa mutoto ya kanisa, na roho yangu ilikuwa ndogo kama ya kuku.

Siku ya tano kisha ile, ijumaa, gari ya Muzee Saidi ilikuwa mu atelier. Kambale alikuwa alimuomba ruhusa kwa muda mrefu aweke musiki, akisema ma-passager banapanda gari yenye inaimba. Asubui ile Masika alinishika mu mulango, akaniwekea kaseti mu mukono, akafunga vidole yangu juu yake. "Umupe Kambale mukononi. Mukononi, Kavira. Asikilize ku redio ya gari akiwa peke yake." Nikamuuliza: "Kuko nini ndani?" Nilimupa njia, unaona. Angesema neno moja tu. Akasema: "Ni wimbo ya chorale." Akaangalia pembeni. Nikaweka kaseti mu poche, mufuko ya tablier yangu ya kazi, na nikasema mu tumbo: wimbo ya chorale, sawa.

Tulimaliza mbele ya saa sita. Nilipima waya zote nne na pile, zote zikaruka inje. Gari ikasukumwa, milango ikafunguliwa, capot ikafunguliwa. Muzee Saidi mwenyewe alikuwa alikuja toka Beni kuangalia, alikaa ku banc na thermos yake ya chai. Kambale alikuwa alivuka barabara kwenda kunyolewa, ju kesho yake ni mbuzi, na kaseti sikuwa nimemupa bado. Batu bakaanza kukusanyika. Maître akaingiza kichwa mu gari. "Kaseti ya chauffeur?" Akatafuta mu dashboard, akapata moja, bande yake, ile utepe ya ndani, ilikuwa imekunjamana kama utumbo. "Hii ilikufa. Hakuna ingine?" Kisha akaniona. "Kavira, ile yenye iko mu poche yako ni ya nani?"

Nikasema: "Ni ya Kambale."

Na ilikuwa kweli. Kwa miaka mingi nilijificha nyuma ya ile, kama nilisema kweli. Akaichukua, akaiingiza. Wimbo ikaanza, na mwana wetu, bafle zile zilikuwa muzuri. Bamama ya ndizi bakainua mikono. "Aa, ni chorale yetu." Moja akaanza kuitika sauti ya chini. Maître akaongeza. Akaongeza tena. Ule ubeti ilikuwa na urefu ya Salamu Maria tatu, najua, ju kisha niliipima mara mingi. Nilikuwa na muda ya Salamu Maria tatu kusema: Maître, zima. Nilikuwa nasimama pembeni ya mulango ya nyuma, mukono yangu juu ya kitambaa yenye nilishona mwenyewe, na nilikuwa nasikia inatetemeka chini ya vidole. Niliwaza: atasema tu jina yake, Maître atazima, batu batacheka kidogo, na Masika atajua bei ya kunificha. Ile tu njo niliomba. Haya kidogo.

"Kambale, ni mimi Masika."

Maître hakuzima. Alifikiri labda ni salamu ya ndoa. Batu pia, bakapiga vigelegele moja. Kisha bakasogea. Hapana kukimbia, kusogea. Mama moja alishusha beseni toka kichwa ju asikie muzuri. "Mais huyu si Masika wa mbogamboga?" "Shii, acha tusikie." "Barrière gani?" "Anasema siku tatu." Kijana moja akasema neno ya Lingala, ile basoda banaitaka banamuke, na bengine bakacheka mu mapua. Ikasema na ikasema. Ilipofika pahali ananyamaza na anameza, Maître akainamisha sikio yake yenye inasikia, akafunga macho, akatabasamu kama fundi. "Sikieni vile iko clair," alisema. "Hata mate unaisikia." Yeye alikuwa anasikia bafle. Maneno haikumufikia bado. Lakini mimi nilikuwa nasikia yote, na nilikuwa naijua, na nilibaki pale.

Muzee Saidi njo alisimama. Chai ikamwagika ku kanzu. Hakukimbia pia, alikwenda mpaka ku capot, akashika waya ya batri na mukono mutupu, akaing'oa. Sauti ikakatika. Akawaambia: "Nyinyi wote mna dada. Nendeni." Hakuna mwenye alienda. Akageukia Maître, na sauti yake ilikuwa ya chini: "Nilikuomba unitengenezee redio. Sikukuomba unifungulie mutoto wa mutu." Maître akaangalia mikono yake. Na katikati ya barabara, Kambale alikuwa amesimama na sabuni ku nusu ya uso. Alikuwa alisikia kutoka kiti ya kinyozi. Mususa yote ilikuwa ilisikia.

Kambale alinikuta nyuma ya atelier, ku rundo ya triplex. "Kavira, ile kaseti imetoka wapi?" Nikamujibu haraka, kama mutu mwenye aliitayarisha: "Masika aliiacha mu gari." Akajipangusa sabuni na mukono ya shati. "Aliiacha mu gari," akasema. "Kitu kama ile, anaiacha mu gari." Kisha akasema maneno yenye sikuwahi kumupelekea Masika, na ile ni dhambi ya pili: "Ningeisikia mimi peke yangu, ningeibeba, Kavira. Ningekwenda kesho na mbuzi. Lakini saa hii bajomba batakula nayo chakula." Na bajomba balikula nayo. Mukubwa wao alisema mbele ya batu ya nyumba: "Mbuzi yetu haiwezi kuingia mu nyumba yenye basoda balivunja mulango." Asubui ya posho zilifunguliwa, zikarudishwa ku malisho.

Masika alipata habari ku robinet, bomba ya maji ya mutaa. Hakuna mwenye alimuambia pole pole. Alifika na bidon ya kuteka maji, na musichana moja mu laini akasema na sauti ya kuiga: "Kambale, ni mimi Masika," akameza mate, glup, na laini yote ikacheka. Njo gisi alijua. Alirudi na bidon yake imejaa. Alingojea zamu yake, unasikia, alingojea mpaka ikajaa. Aliweka bidon, akaniuliza: "Ulimupa mukononi?" Nikasema: "Nilimupa." Akakaa ku kitanda. "Basi njo yeye mwenyewe aliiweka." Akasema tena: "Aliiweka batu basikie." Nikasema: "Banaume unabajua, ya Masika." Ile ni dhambi ya tatu. Kila mumoja nilimushonea uongo yenye ilimuenea, na nilikunja kona muzuri.

Tulikula maharagi ile siku. Alikula yake yote. Nyuma ya ukuta jirani na bwana yake balikuwa balinyamaza, mara ya kwanza; balikuwa banatusikiliza. Batoto ya kiwanja balishika ile maneno kama wimbo, siku mbili, tatu, balikuwa banapita mbele ya mulango: "Ni mimi Masika." Kambale alituma mutu mara mbili amuombe basimame pamoja, basemezane. Masika alikataa. "Alisema kwa bafle nne, inatosha," alijibu. Mwanzo ya juma, pickup ya Mutwanga ikapakia. Kule alikuwa na shangazi na shamba. Alibeba manguo, sufuria moja, na akaniomba ile kasanduku yenye niliweka haut-parleur ya fabrique. "Unipe ile. Inasema pole pole." Nikamupa. Akanikumbatia mu barabara mbele ya batu bote, akasema mu sikio yangu: "Weye tu haukunicheka." Nilimusukumia muzigo yake.

Muzee Saidi alirudi kisha juma moja. Akamuambia Maître atoe yote, bafle, ampli, arudishe redio yenye gari ilizaliwa nayo. Maître akanitazama, ju haut-parleur za fabrique zilikuwa zangu. Za ile gari nilikuwa nimeshaziuza ku soko. Basi akatoa kubwa na hakuweka kitu. Gari ikaenda na mashimo nne ku milango, na miaka mingi batu ya line balikuwa banaiita bubu. Kambale aliendelea kuiendesha. Yeye bakamuita Kambale Kaseti, ju desturi ilikuwa kaseti ya mwenye gari, na muji yote iliamini kama ni yeye alitoa kaseti ya fiancée, muchumba yake, ipigwe mu barabara. Niliacha atelier mbele ya mwaka kuisha.

Nilifunga ndoa. Nilizaa. Nilipokuwa na miaka makumi tatu na tano niliingia masomo ya magaribi ya bamama ku parokia, kalamu ilikuwa inaniumiza vidole kuliko sindano, na nikajua kuandika. Ningeweza kumuandikia, kule Mutwanga hakukosi mutu ya kumusomea. Niliandika liste za rozari, niliandika barua ya babyaa, bakwe yangu, niliandika bitu yote. Niliungama pia, usifikiri sikuungama. Padri muzee mwenye alikuwa mbele ya huyu wa sasa alinisikiliza, akasema: "Absolution ya dhambi nitakupa, lakini toba yako iko Mutwanga, haiko mu hii kanisa." Mwaka ile kulikuwa mvua. Mwaka yenye ilifuata nilikuwa na mimba. Kisha njia ikakuwa mubaya ju ya bita, na nikamushukuru Mungu kwa njia mubaya, nakuambia kweli, nilimushukuru. Hapa Kimemi banasema Mama Kavira hatikisike mu imani. Sikutikisika hata kidogo. Nilikuwa nimefungwa na ma-vis pande zote.

Basi kesho yake ya ile siku ya lungo nikapanda. Pickup mpaka Beni, kisha mutu wa moto, pikipiki, akanipandisha mpaka Mutwanga, mulima mbele yetu na mawingu juu. Maziko ilikuwa imeisha. Hakuolewa, hakuzaa, alilima kakao na muhogo, na ku kanisa ya kule, bananiambia, hakuimba hata siku moja, alikuwa anakaa na kinywa imefungwa. Dada yake mudogo Kanyere alinipa sombe, majani ya muhogo, na bugali mu nyumba ya Masika. Na ku meza, juu ya kitambaa safi, kulikuwa ile kasanduku. Mbao ilikuwa nyeusi ya moshi. Waya balikuwa baliiunga ku redio ndogo na scotch ya kunata. Ilikuwa inasoma rozari, sauti ndogo, karibu uinamishe kichwa. Kanyere akasema: "Hii ni ya rafiki yake ya Butembo. Hakutaka tununue ingine. Alikuwa anasema ku dunia aliachiwa mutu moja mwenye hakumucheka. Ni weye?"

Nikasema ni mimi. Akanishika mikono yote mbili, akaniita yaya. Akasema: "Yule Kambale njo alimuua. Ilichukua tu miaka mingi." Maneno ilikuwa hapa, ku meno. Bamama balikuwa banaimba inje. Nikasema: "Pole, mwana wetu." Nikakula sombe yake mpaka sahani ikakuwa mweupe.

Kurudi, nilisimama Beni. Kambale sikumutafuta mbali, mutu yeyote ku parking anamujua. Kichwa yake yote iko mweupe. Anauza pièces za gari ku meza moja, na mbele ya meza yake hakuna redio. Nilimuambia nikiwa nimesimama, yote, toka rideau mpaka poche ya tablier. Alikuwa anashika boulon moja ya chuma, anaizungusha. Nilipomaliza akauliza: "Yeye alikufa anajua nini?" Nikasema: "Kama ni weye njo uliiweka." Akaitika na kichwa, pole pole, kama mutu mwenye anahesabu miaka na haipatane.

"Mama," akaniambia, na ile mama ilikuwa baridi, "siri ya Masika mulifungulia milango nne. Siri yako unaniletea ku sikio?" Akaweka boulon mu kopo yake. "Enda. Uko unanifunikia meza."

Njo ju ya ile niliandika. Karatasi ya kwanza nilimutumia Kanyere kule Mutwanga, kwa mutu ya pickup, mukononi. Hajajibu, na sitarajie. Ya pili ni hii uko nayo. Sina gari ya kutangaza, na hata ningekuwa nayo nisingeitumia. Niko na wewe. Nakuomba uipeleke mbali: Mususa, kwa bale balicheka ku robinet na leo ni bamama ya heshima banatawazwa miguu ku Alhamisi Kuu, Kimemi, kwa bale bananipa kuongoza rozari, line yote mpaka Beni. Sema Kambale hakuweka ile kaseti, na Masika hakuiacha mu gari. Sema ni Kavira, mushonaji ya Maître Kasereka, alijua kitu iko ndani na alisema "ni ya Kambale," na alinyamaza Salamu Maria tatu. Jina yangu uiseme kwa nguvu. Lakini ile maneno ya Masika, kama uliisikia siku ile ku barabara na bado unaikumbuka, usimupe mutu. Ile ilikuwa ya mutu moja.